Mafundi wa barazani pale Mwanga, Kigoma: tumeshonesha sare za sendofu, naeleza yote

Zile picha za sendofu ya mdogo wangu zimezunguka mpaka napigiwa simu na watu wa Kasulu wanauliza sare tulishonesha wapi, na kila nikijibu Mwanga kwa mafundi wa barazani swali linalofuata ni fundi gani, anaitwa nani, nipe namba yake. Sasa hapo ndo nakwama maana fundi mmoja hayupo. Gauni langu mimi alikata mama mmoja, akashona dada mwingine, shingo kaidarizi kijana wa pembeni na ovaloki (ile ya kufunga kingo za ndani zisifumuke) akapiga mama wa mwisho kabisa kule ukutani, na hela nikamlipa yule niliyempelekea kitambaa tangu mwanzo. Kwa iyo naandika hapa mara moja, mazuri na mabaya, anayetaka aende asiyetaka aache.

Kwa mgeni, ukishuka treni Kigoma unakuwa upo chini kabisa karibu na ziwa, ndo mwisho wa reli wenyewe, ila maisha ya kununua na kuuza yapo juu huku Mwanga, sokoni. Ukifika upande wa wauza vitenge ulizia mafundi wa barazani, hawana bango wala jina la duka, ni nyumba ya zamani yenye baraza ndefu na cherehani zimepangwa mstari. Nyingi ni Butterfly nyeusi za kukanyaga kwa miguu na usizidharau, wakubwa mnakumbuka kabla gridi ya taifa haijatufikia mji ulikuwa unaishi kwa majenereta ya dizeli, fundi aliyetegemea mota siku umeme hakuna anakaa anapiga miayo na oda za watu zimelala, wa kukanyaga anaendelea zake. Kila fundi pale ana cherehani yake, mkasi wake, daftari lake la vipimo na wateja wake. Vya pamoja ni ovaloki, pasi, kioo kirefu, lile sanamu la kuvalishia nguo, na luku wanachanga, kodi wanachanga. Mpaka hapo hamna jipya, mafundi kuchangia baraza ipo kila mji.

Jipya ni ubao. Ukutani kuna kipande cha plaiwudi kimebandikwa picha za nguo walizoshona wao wenyewe, sio zile picha za wadada wa Naijeria ambazo kila fundi nchi hii anakuonyesha kwenye simu afu anakuja kukushonea kitu kingine kabisa. Chini ya kila picha kwa makapeni limeandikwa jina la aliyeubuni ule mshono. Ukichagua mshono ambao sio wa fundi wako, fundi wako haendi kujificha akauotee, anamwita mwenyewe, mwenyewe anakuja anakata kitambaa chako pale pale ukiona, na anapewa hela ya mkasi. Ndo wanavyoiita. Kwetu ilikuwa elfu tano kwa gauni na haikuongezwa kwenye bei yangu, inatoka mfukoni kwa yule anayeshona.

Nikamuuliza fundi wangu sasa wewe hapo unabaki na nini, akanijibu hata macho hakuinua, "Dada, mshono ule nikiukata mimi nitauharibu, afu nitalipa kitambaa cha watu. Yeye akikata mimi nashona mpaka mchana nimemaliza, naanza kingine." Hesabu tupu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za upendo na umoja, nikaishia kupigiwa mahesabu, na kwakweli nilimwamini zaidi kwa sababu hiyo.

Mnaoshonesha mnajua kwa kawaida inavyokuwa. Fundi mwenye mshono mkali anakata jioni baraza likiwa tupu, au anageuza mgongo, wanafunzi wanaambiwa hebu nendeni mkanunue uzi. Kesho yake jirani kapita kaiona nguo imetundikwa, anapiga picha kimya kimya anaweka stetasi "mzigo mpya kwa fundi wenu", hapo ni ugomvi, wanaacha kusalimiana, wanaanza kuchafuana kwa wateja. Na anayeumia ni mteja kwa sababu aliyeiba picha kaona nje tu, ndani hajui pamewekwa nini, hajui kifua kimesimama kwa kanvasi au kwa bitana mbili.

Mimi nina gauni la kitenge cha samaki, nilishonesha kwa fundi mmoja wa humu humu mjini, simtaji, aliona mshono kwa mwenzake akasema huu hata mimi naweza. Ni ule mshono wa kitambaa kimoja, unakikunja begani, hamna mshono wa bega, mbele na nyuma ni kipande hicho hicho. Sasa fikiria kitambaa kinapita juu ya bega kinashuka mgongoni. Mbele samaki wangu wanaogelea vizuri kabisa, nyuma wote vichwa chini miguu juu (samaki na miguu wapi na wapi, lakini mmenielewa). Nilikuja kumsimulia mama mkataji pale barazani akacheka mpaka akaweka mkasi chini, akasema mkato ule ni wa vitenge vya maua ya kutawanyika au duara duara, kitu kisicho na kichwa, ukiwa na samaki au kuku au mtu lazima ukate bega ugeuze kipande cha nyuma. Angemuuliza mwenye mshono angeambiwa kwa sentensi moja. Hakuuliza kwa sababu kuuliza ni kukiri umeiga.

Tuje kwenye kitenge, maana nusu ya sifa ni za kitambaa. Tulinunua hapo hapo sokoni kwa mama ambaye mzigo wake unatoka ng'ambo, Kongo, si mnajua boti zinavyoingia pale Kibirizi na mizigo ya Kalemie, Uvira, Baraka. Kama hujui kuchagua fanya hivi, kigeuze. Waksi ya kweli nta inapigwa pande zote mbili za pamba ndo rangi inaingia, kwa iyo mbele na nyuma ni karibu sawa huwezi hata kujua upi ni upande wa nje, na utaona vile vimistari vyembamba kama mishipa, hapo ni nta ilivunjika rangi ikapenya. Kile cha kuchapwa upande mmoja nyuma kimepauka. Sio kwamba cha kuchapwa ni kibaya, sisi wenyewe tulichukua cha kuchapwa maana watu kumi na wanne waksi ya Uholanzi tungeuza shamba, ila usiuziwe cha kuchapwa kwa bei ya waksi.

Na hapa palizuka mjadala mzuri pale barazani. Kulikuwa na baba mmoja kaja kuchukua kaunda suti yake, mwalimu nadhani kwa jinsi anavyoongea, akauangalia ule ubao akasema hii ya kuandika majina ni ushamba, mshono hauna mwenyewe, hata hicho kitenge mnachojivunia ni cha kuiga. Na hapo alikuwa sahihi, Waholanzi walichukua ufundi wa batiki kutoka kwa watu wa Java, Indonesia, enzi hizo ni koloni lao, wakataka kuutengeneza kwa mashine wawauzie Wajava hao hao kwa bei rahisi, kampuni ya Vlisco ya kule Helmond, Uholanzi, ipo tangu 1846 na biashara yake ndo hiyo. Wajava hawakuvichangamkia, vikaja kupata wenyewe Afrika Magharibi, vikasambaa Kongo, leo vinavuka ziwa tunaviita vazi letu la asili, na Wachina nao wanawaiga Waholanzi. Kwa iyo akasema, nani anamdai nani?

Mama mkataji akamsikiliza mpaka mwisho afu akamuuliza, "Mwalimu, wale wa Java walilipwa?" Baba akasema hawakulipwa. "Basi," akarudi kwenye kitambaa chake.

Mimi nipo upande wa mama. Kweli hamna mshono ulioanguka kutoka mbinguni, hata yeye mkono ule wa kujaa unaoshuka na kubana kiwikoni alisema ameutoa kwa wamama wa kikongo akaufupisha. Lakini kumwandika mtu jina kwa makapeni kunagharimu nini? Na ile elfu tano ndo inamfanya afundishe badala ya kuficha, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Haya, sare. Watu kumi na wanne kitenge kimoja, na fundi wa kawaida hapo anakushonea nyote mshono mmoja kama sare ya shule, bibi na mjukuu wote mikono ile ile. Sisi tulitaka kila mtu awe na wake. Bibi alisema yeye hataki kubanwa, anataka gauni analoweza kukaa mkekani na kuinuka bila kushikwa mkono. Shangazi yetu wa Uvinza ana mwili mkubwa, mashaallah, na anataka sketi ya kumwaga. Mama mkubwa akataka ile ya kikongo, blauzi, sketi na kitambaa cha tatu cha kufunga juu. Mabinti ndo hao mnawajua wanataka wapumue kwa kuombea. Na mashati ya wajomba.

Fundi wangu alipoisikia ile listi hakusema ndiyo. Aliwaita wenzake wakakaa chini wakakunjua vitambaa vyetu, wakaanza kugawana, na hapa nilishangaa maana sijawahi kumsikia fundi anasema kitu cha namna hii mbele ya mteja, alimwonyesha shangazi akasema, "Huyu mama sio wangu. Mwili mkubwa mimi huwa nakosea kwenye kwapa, nguo inavuta. Mpe fulani." Shangazi nilidhani atakasirika, akasema mwanangu umenisaidia, nimevaa nguo zinazovuta kwapa miaka yote nikadhani ndo nilivyoumbwa.

Bibi akapelekwa kwa mzee wa kona, mzee huyo kashonea wazee wa mji huu tangu enzi hizo, kanzu, makoti, magauni mapana, na mikono yake inatetemeka kidogo sasa hivi kwa iyo yeye anakata na kuelekeza, kushona anashona kijana. Mabinti wakaenda kwa dada aliyesoma VETA hapa Kigoma, huyo ndo anajua kubana bila kupasua. Mashati kwa kaka wawili wa katikati. Na mimi nikachagua mshono wa mama mkataji, ule wa mkono wa kujaa.

Afu yule mzee akasema msikate moja moja. Hili ndo lililotuokolea hela. Pea moja ni yadi sita, shangazi kwa sketi aliyoitaka hazimtoshi, na duka lilikuwa limebakiwa na pea chache za rangi ile. Fundi mmoja mmoja kila mtu angekata cha kwake, mabaki angeweka kwenye mfuko wake wa mabaki (mnaujua mfuko huo), na shangazi angeambiwa aongeze pea nzima. Wao walitandaza vyote kwanza, vikakatwa vikubwa, kwa mabinti wembamba vikabaki vipande vya maana, vikaenda kwenye mapaja ya sketi ya shangazi na ukiitazama huoni kiungo kwa sababu waliunganisha kwenye mistari ya mchoro. Yaliyobaki vikatoka vilemba na tai za kipepeo za wajomba. Tulirudishiwa hata chenga kwenye mfuko wa rambo.

Kitenge chetu kilikuwa na maduara makubwa, ukubwa wa sahani. Wanawake mnajua hatari ya duara kubwa, likikaa pasipotakiwa kifuani au nyuma ukitembea mji mzima unakupa jina. Mama mkataji alikuwa anamsimamisha kila mtu mbele ya kioo anamwekea kitambaa anapiga alama na chaki duara likae wapi, tumboni pembeni au lishuke kwenye paja, na wale ambao sio wateja wake pia aliwapitia, hakuna aliyemwambia toka kwenye kazi yangu. Bibi akamwambia, "Mimi liweke popote, mimi nimeshamaliza mashindano."

Shingo sasa. Kijana wa darizi yeye anatumia Butterfly ile ile ya kukanyaga, anatoa kile kiguu kinachokandamiza kitambaa, anakibana kitambaa kwenye duara la mbao, afu anakisukuma mwenyewe kwa mikono huku anakanyaga, kushoto kulia mbele nyuma, sindano ipo pale pale kinachochora ni mikono. Ukimwangalia unaweza kukaa hapo usahau ulichofuata. Alikuwa ameanza na uzi wa dhahabu, mama mkataji akapita akasema hiyo dhahabu itakimeza kitenge, weka bluu ya kwenye duara. Kijana hakununa wala hakujibu "wewe darizi unaijua?", alidarizi kidogo kwenye kitambaa cha majaribio rangi zote mbili akaziweka pembeni mwa gauni, akaziangalia, akafumua dhahabu. Baadaye nikaona yeye naye anamwambia mama shingo ya mraba inampa shida kwenye kona, kama anaweza kuiviringisha kidogo, mama akaiviringisha. Nikasema hawa watu wanabishana kutwa nzima ila wanabishana kuhusu nguo.

Wanafunzi pale hawana bwana mmoja. Asubuhi utamkuta binti anapiga pasi kwa mzee, mchana yupo kwa dada wa VETA anajifunza kuweka zipu, na kwenye ubao kuna picha moja ina jina la mwanafunzi, kigauni cha mtoto chenye mifuko mikubwa, na mafundi wazima wanamlipa hela ya mkasi huyo binti. Linganisha na kwingine mtu anashika vifungo na kufagia mwaka mzima ndo aguse mkasi.

Wakati tunasubiri redio ilikuwa inapiga bongofleva, na unajua Kigoma, ukianza tu utasikia Diamond na Alikiba, na wote wawili asili yao ni huku kwetu kwa iyo watu wanapigania ndugu kwa ndugu. Baraza zima likagawanyika hapo, hao hao wasiogombania mshono wakagombania wanamuziki ambao hata hawawajui. Mzee akawakumbusha 2012, wasanii wenye asili ya Kigoma walipojikusanya wakajiita Kigoma All Stars, wimbo mmoja kila mtu na kipande chake, mji ulivyojaa. Kijana mmoja akasema ule ulikuwa mwaka mmoja tu mzee, hii vita ndo inauza. Mzee hakuwa na jibu, na mimi pia sina, maana ni kweli wapo wanaokula kwa ushindani. Narudi kwenye nguo.

Mabaya yake. La kwanza ni muda, na hili msilichukulie poa. Nguo yako ikipita mikono minne inasubiri foleni nne. Mkataji akiwa msibani, imekwama. Darizi ina oda za kanzu, imekwama. Na ovaloki ni moja ya watu wote na hiyo ndo inayotaka umeme, umeme ukikatika magauni yote yanalala kwa yule mama wa ukutani yamepangwa kama mlima. Sketi ya shangazi tuliipata jioni kesho yake ndo sendofu, na alikuwa ameshaanza kuongea na jirani kuazima gauni. Wao wanakwambia tarehe kwa moyo mweupe kabisa ila kila mmoja anahesabu kazi yake tu, hakuna anayejumlisha.

La pili linaniudhi zaidi. Zipu ya binti mmoja ilikwanyuka siku ya kujaribisha, kitambaa pembeni ya zipu kilikuwa chembamba mno kikafumuka. Nikataka kujua tu nani kakosea, aliyekata hakuacha nafasi au aliyeshona kaila nafasi? Hakuna aliyesema. Wote "ni kitambaa dada", "kitenge hiki kina gundi nyingi", wanaangaliana. Wakaitengeneza bure tena vizuri wakaweka kipande cha kubeba ndani, sina deni nao, ila pale niliona kitu kingine, wakiwa wenyewe wanaambiana ukweli mkavu, mteja akiuliza wanafunga mlango. Naelewa kwanini wanafanya hivyo. Lakini hela nilitoa mimi, na yule binti alikuwa analia.

Na la tatu sio malalamiko ya mteja, ni kitu nimekiona na hakijanitoka. Yule mama wa ovaloki jina lake halipo kwenye ubao hata sehemu moja. Anapata mia tano au elfu moja kwa nguo, hela ya mkasi haimhusu, kwa sababu hajabuni kitu. Sasa mimi niwaambie, kwenye ile sendofu watu walichokuwa wanakishika ni ndani ya gauni. Mashangazi wa upande wa bwana harusi waligeuza pindo langu wakaangalia ndani (ndo tabia yao hiyo) wakakuta pamepigwa ovaloki imenyooka, hamna uzi unaoning'inia, kona zimekunjwa, wakanyamaza. Gauni la mshono mkali lenye ndani chafu wangelisema mpaka Krismasi. Nilimwambia yule mama, akacheka akasema yeye anapiga mistari tu, ubunifu ni wa wenye mikasi. Mimi sikubaliani naye. Nilimwambia pia mama mkataji, huyo hakucheka, alisema watalizungumza. Nilivyopita juzi juzi kuchukua kilemba nilichokisahau ubao bado vile vile.

Bei tuliyolipa: gauni la kawaida elfu ishirini na tano, lenye bitana na kanvasi elfu arobaini, ile ya kikongo vipande vitatu elfu arobaini na tano, shati la kiume elfu ishirini, darizi ya shingo kuanzia elfu kumi inategemea unataka ijae kiasi gani. Vilemba na tai hawakutuchaji ila uzi na kanvasi ulete wa kwako au uwape hela, wakinunua wao wananunua bei ya sokoni sikuona wameongeza. Kuna mafundi Mwanga hapo hapo wanashona gauni elfu kumi na tano. Ukitaka nguo ya kuvaa nyumbani nenda huko, huna haja ya mikono minne. Kwa nguo ya shughuli, au familia yenye miili tofauti, au kama una kitambaa cha bei mbaya unaogopa kukiharibu, mimi sioni pengine mjini hapa.

Mkienda, kitenge kikiwa kipya kilowekeni kwanza kwenye maji ya baridi yenye chumvi kidogo mkianike kivulini ndo mpeleke, pamba inajivuta, wao hawafui na ukishonewa kikavu gauni litafupika ukilifua. Chagueni mtu mmoja wa kumlipa na tarehe aandike yeye kwenye daftari lake kwa mkono wake, na mtaje tarehe ya wiki moja kabla ya shughuli, sio ya shughuli. Wenye miili mikubwa ombeni mama mkataji moja kwa moja, mabinti dada wa VETA, yupo cherehani ya pili ukitokea barabarani. Jaribisheni zipu mkiwa mmekaa na mkiwa mmesimama kabla hamjatoka barazani. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hawapokei sare za zaidi ya watu kumi, Desemba wanafunga oda kabisa. Na mkishalipa, ile chenji ya mia tano mia tano mpeni mama wa ovaloki, anakaa mwisho kule ukutani, kushoto.